Kuomba viza ya Ufaransa kwa familia inayokwenda kupiga kambi pwani

Familia inayokwenda Paris kwa siku tano haina kazi kubwa: hoteli moja, karatasi moja, basi. Ila ukitaka kuzunguka na watoto kwenye pwani ya Ufaransa wiki tano au sita, leo hema liko Saint-Malo, Jumamosi liko Île de Ré, wiki ijayo liko chini ya misonobari ya Landes, swali utakaloulizwa ni gumu zaidi: mtalala wapi? Sisi tulikuwa watano kutoka Dar es Salaam, baba, mama na watoto wa miaka 14, 9 na 5, na tulilala kwenye hema usiku 38. Nilichojifunza ni hiki: kila usiku wa safari uwe na mahali pake kwenye karatasi. Ukilifanikisha hilo, yaliyobaki ni subira tu.

Anza na hesabu ya siku kabla hujagusa fomu. Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ufaransa ikiwemo, inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Ukiingia tarehe 5 Juni na kutoka tarehe 13 Julai, umelala usiku 38 lakini umetumia siku 39. Tumia namba hiyohiyo kila mahali: kwenye fomu, bima, barua ya mwajiri na tiketi. Tofauti ya siku moja tu inatosha kuzua maswali. Anayetaka kukaa zaidi ya siku 90 anaomba viza ya muda mrefu, ambayo ina utaratibu wake. Usiombe ya muda mfupi ukitumaini utaiongeza ukishafika.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Kwa safari ya tarehe 5 Juni, dirisha linafunguka tarehe 5 Desemba. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu ufike hadi siku 45 faili likihitaji kuchunguzwa zaidi. Kwa hiyo pelekeni Februari au Machi. Msisubiri Mei, maana hata miadi yenyewe huwa adimu watu wengi wanapojipanga kusafiri.

Pasipoti ya kila mmoja, hata ya mtoto mchanga, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na angalau kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa hai miezi 3 baada ya siku mtakayotoka Schengen. Angalieni za watoto mapema, kwa sababu ndizo zinazosahaulika kabatini mpaka zinaisha muda.

Sasa tufike kwenye kambi zenyewe, kwa sababu hapa ndipo faili la familia kama yenu hujengeka au hubomoka.

Usiandike kwenye barua yako kwamba mtalala ufukweni popote mtakapopapenda. Kanuni za mipango miji za Ufaransa zinakataza kupiga kambi kwenye ufuo wa bahari nje ya maeneo yaliyoruhusiwa, na pia ndani ya mita 500 za majengo ya kihistoria yaliyohifadhiwa. Afisa anayesoma barua ya namna hiyo ataona familia isiyo na malazi na isiyojua sheria za nchi inakokwenda. Kambi halali zipo tele. Zimepangwa kwa nyota kuanzia 1 hadi 5, na nyingi za bei nafuu ni za halmashauri, zinaitwa camping municipal. Unachokodi ni kiwanja cha hema, emplacement kwa lugha yao. Ukitaka kupumzika na hema siku mbili tatu, kuna nyumba ndogo za kuhamishika zinazoitwa mobil-home.

Andikieni kila kambi barua pepe mkiomba confirmation de réservation, yaani uthibitisho wa uhifadhi, yenye majina ya wote watano, jina na anwani ya kambi, tarehe ya kufika na ya kuondoka, na kiasi kilicholipwa. Usikubali ile yenye jina la baba peke yake halafu "na watu wanne". Tulirudishiwa karatasi mbili za namna hiyo, tukaomba zirekebishwe, na zilirekebishwa siku ileile. Kisha chora jedwali la ukurasa mmoja: tarehe, mji, kambi, namba ya uhifadhi, na mtakavyosafiri kwenda kituo kinachofuata. Letu lilianzia Saint-Malo, likateremka pwani ya kusini ya Bretagne, likapita Île de Ré na ghuba ya Arcachon, likaishia Biarritz. Vituo saba tu. Awali tulipanga kumi na tano, na nashukuru tulivipunguza. Watoto walipata muda wa kuzoea bahari ambayo kule Saint-Malo hurudi nyuma hadi unadhani imekauka, na faili likawa jepesi kusomeka.

Kuna jambo la fedha ambalo wengi hawaambiwi. Kambi nyingi hutaka malipo ya awali, na sheria ya Ufaransa inatofautisha aina mbili. Malipo yanayoitwa arrhes yanakuruhusu kujitoa kwa kuyapoteza hayo tu. Yanayoitwa acompte yanakufunga, na ukijitoa unaweza kudaiwa zaidi. Kwa kuwa bado hujui kama viza itatoka, chagua kambi inayoruhusu kughairi bure, au angalau yenye arrhes.

Uhifadhi huo pia unashusha kiwango cha fedha unachotakiwa kuonyesha. Ufaransa hutaka euro 65 kwa mtu kwa siku kwa zile siku zenye uthibitisho wa hoteli, na euro 120 kwa siku zisizo nao. Kwa watu wazima wawili na siku 39, hiyo ni euro 5,070 dhidi ya 9,360. Sisi tuliwasilisha uthibitisho wa kambi mahali pa hoteli, na barua yetu ikaeleza wazi kwamba tunalala kwenye hema na kwa nini. Weka taarifa ya akaunti ya benki ya miezi 3 iliyopita. Fedha zilizoingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya miadi hazimridhishi mtu, kwa hiyo anza kuweka akiba mapema, na kama umeuza kiwanja au umepokea mafao, ambatanisha ushahidi wake.

Bima ya safari igharimie matibabu na kurudishwa nyumbani kwa angalau euro 30,000 kwa kila mtu, nchi zote za Schengen, siku zote 39.

Kwa watoto, kila mmoja ana fomu yake inayotiwa saini na mzazi. Ambatanisha vyeti vya kuzaliwa vya RITA na barua ya mwalimu mkuu, hasa kama safari inavuka likizo ya Juni kama ilivyovuka yetu. Mzazi mmoja akibaki nyumbani, aandike ridhaa na ithibitishwe na wakili. Wazazi wawe na barua za waajiri zinazotaja likizo na tarehe ya kurudi kazini. Mwenye biashara aweke usajili wake na karatasi za kodi. Hizo ndizo zinazosema kwamba mna sababu ya kurudi.

Fomu hujazwa kwenye tovuti rasmi ya serikali, france-visas.gouv.fr, ambayo pia itakuonyesha orodha ya viambatanisho kwa nchi unayoishi na mahali pa kuchukua miadi. Hata kama ndege inapitia Amsterdam, unaomba Ufaransa, kwa kuwa ndiko mtakakokaa siku nyingi zaidi. Ukifikiria kupanda boti kutoka Saint-Malo kwenda kisiwa cha Jersey kwa matembezi, kumbuka Jersey haimo Schengen. Kwa viza ya kuingia mara moja, safari yenu itaishia hapo. Ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja, au iacheni Jersey.

Siku ya miadi mnaacha picha za milimita 35 kwa 45, na kuanzia miaka 12 mtu anachukuliwa alama za vidole. Ada ni euro 90, euro 45 kwa wenye miaka 6 hadi 11, na bure kwa walio chini ya miaka 6. Sisi tulilipa euro 315, ukiacha gharama ya huduma ya kituo cha kupokea maombi ya viza. Ada hairudishwi mkinyimwa.

Mkinyimwa, sababu huwekewa alama kwenye karatasi ya uamuzi. Isomeni kwa utulivu. Mna siku 30 za kukata rufaa kwenye ofisi ya viza ya serikali ya Ufaransa iliyoko Nantes, au mnaweza kuomba upya mkiwa mmeziba pengo lililotajwa. Kwa pengo la malazi au fedha, kuomba upya ndiko ninakokupendekeza.

Viza zikitoka, soma tarehe na idadi ya siku kwenye kila pasipoti kabla hujaondoka kituo cha viza. Faili zima libebeni kwenye begi la mkononi, jedwali likiwa juu. Tangu 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandikisha wageni kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya mhuri, lakini afisa bado ana haki ya kukuuliza mnalala wapi usiku wa leo. Mfungulie ukurasa wa kwanza.