Swali Lisilo la Grupu: Lichunguze Kwanza, Ndipo Ulielekeze

Nasimamia grupu la Telegram la watu wanaojifunza Python, lugha ya kuandika programu za kompyuta. Haipiti wiki bila mtu kuuliza la pembeni: simu imejifunga, printa inagoma. Zamani nilikuwa nafuta kimyakimya, nikaja kuona kwamba aliyefutiwa haulizi tena, hata siku akiwa na swali zuri. Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Muulize anafanya nini. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kijana mmoja aliandika, "Wakuu, kompyuta yangu inaganda, ninunue ipi?" Wawili wakaanza kumzodoa. Nikamuuliza, "Inaganda ukifanya nini, mkuu?" Akajibu kwamba ni kila akifungua faili la mauzo kwa pandas, maktaba ya Python ya kuchakata data. Kumbe alikuwa analisoma faili zima la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi) kwa mkupuo mmoja, RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, inajaa. Tukamwonyesha aongeze chunksize=50000 ndani ya read_csv, amri ya kusoma faili hilo, ili lije kwa vipande vya mistari 50,000, kisha avipitie vipande kimoja kimoja kwa kitanzi cha for. Kompyuta ikaacha kuganda. Swali lilikuwa letu tangu mwanzo, ila hakujua tatizo lake linaitwaje.

Hatua ya 2: Kama kweli si letu, mtajie pa kwenda. "Kagoogle" si jibu. Grupu letu lina mada ya pembeni inayoitwa Mengineyo, kwa hiyo mimi huandika: "Karibu sana. Hapa ni Python tu. Suala la printa liulize kwenye Mengineyo, uweke modeli yake na picha ya ujumbe unaotokea." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yatakayomfanya ajibiwe huko aendako. Hata Stack Overflow, tovuti ya maswali ya kuandika programu iliyoanza mwaka 2008, ina tovuti dada, Super User, kwa maswali ya kompyuta yasiyohusu kuandika programu.

Hatua ya 3: Fungua hiyo Mengineyo. Telegram iliruhusu grupu kugawanywa kwa mada mwaka 2022; msimamizi anawasha kwenye mipangilio ya grupu.

Hatua ya 4: Anayezodoa mfuate inboksi, tena siku hiyohiyo. Ukimkemea mbele za watu unaanzisha ugomvi wa pili, na muulizaji anajiona yeye ndiye chanzo.

Matangazo ya kubeti na "tuma elfu kumi upate laki" si maswali. Hayo futa papo hapo, na aliyeyatuma mtoe.