Kupima afya ya kijito kwa chandarua na beseni jeupe: hatua ninazofuata huku Kigoma

Ukiniambia maji ya kijito ni mazuri kwa kuwa unaona hadi chini, nitakuuliza: chini ya mawe kuna nani? Maji unayoyatazama sasa hivi yalikuwa mlimani asubuhi. Wadudu walioshikilia mawe wamekaa hapo miezi, na kila kilichomwagwa huko juu kimewapitia. Kwa hiyo mimi huanza na wadudu. Haya ndiyo ninayoyafanya kwenye vijito vinavyoingia Mto Luiche.

1. Chagua siku. Mvua zetu huanza Novemba na kuisha mwanzoni mwa Mei. Nenda kiangazi, Juni hadi Septemba. Mwaka mmoja nilikwenda siku moja baada ya mvua kubwa, nikaambulia wadudu wanne, nikaandika kwamba kijito kimekufa. Wiki tatu baadaye nilirudi nikakuta beseni linachemka. Mafuriko yalikuwa yamewazoa tu. Ile ripoti bado inanitia aibu.

2. Piga hodi. Anza kwa mtendaji wa kijiji. Mtu anayeburuta chandarua mtoni anadhaniwa anavua vifaranga vya samaki, na anayegeuza mawe anadhaniwa anatafuta madini.

3. Vifaa. Gambuti, mabeseni mawili meupe, kijiko, saa, futi kamba, daftari, chungwa moja, na wavu: kipande cha chandarua kilichoshonwa kwenye fremu ya sentimita 30 kwa 30 yenye mpini mrefu. Gambuti si mapambo. Kichocho kipo, hasa panapotuama maji na konokono. Ukikaribia delta ya Luiche, pale mto unapoingia Ziwa Tanganyika, acha kabisa kuingia majini, mamba hawajui kama unafanya utafiti.

4. Chukua sehemu mbili. Moja juu ya mahali unapopashuku, nyingine chini yake. Kwetu mara nyingi ni pale wanapokamulia mawese. Maji yanayobaki yana mafuta na machicha, na bakteria wakiyaozesha wanamaliza oksijeni. Hakikisha sehemu zote mbili zina mawe na kasi inayofanana, la sivyo utakuwa unalinganisha mawe na tope.

5. Tazama kingo. Kuna miti? Shamba limefika majini? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Bonyeza kidole katikati ya mawe: ukikuta mchanga laini umeziba nafasi zote, wadudu wengi hawana pa kukaa hata maji yangekuwa safi kama ya mvua.

6. Mtiririko. Pima mita 10, achia chungwa, hesabu sekunde. Likitumia 25, kasi ya uso wa maji ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwa kuwa chini maji huenda polepole, kisha kwa upana na wastani wa kina. Kijito cha mita 2 chenye kina cha mita 0.15 kitakupa kama lita 100 kwa sekunde.

7. Wakusanye. Wavu ukae upande maji yanakoelekea, wewe usimame mbele yake, upande maji yanakotoka, uvuruge mawe kwa miguu dakika 2. Mawe makubwa yasugue kwa mkono mbele ya wavu. Mwaga kwenye beseni lenye maji kidogo, kisha tulia. Dakika ya kwanza utaona takataka tu. Ya pili, takataka zinaanza kutembea.

8. Soma beseni. Mwenye mikia mitatu na mashavu ya kupumulia, kama ya samaki, yanayopepea ubavuni ni efemeroptera. Mwenye mikia miwili na vinyweleo kwapani ni plekoptera. Huyu ndiye ninayemtafuta zaidi. Maji ya beseni yakipungukiwa oksijeni huanza kupiga pushapu, akijipitishia maji mwilini. Anayeishi ndani ya kijumba cha mchanga au vijiti ni trikoptera. Ukiwapata wote watatu, furahi. Ukikuta ruba, minyoo na lava (watoto wa wadudu) wekundu kama uzi wa damu, na hakuna wengine, hapo pana shida. Wekundu huo ni himoglobini, inayowasaidia kuishi penye oksijeni kidogo.

9. Toa alama. Tanzania ina mfumo wake wa kupima mito kwa wadudu, TARISS, uliotokana na SASS, mfumo kama huo wa Afrika Kusini. Kila familia, yaani kundi la wadudu wa ukoo mmoja, ina alama, kuanzia 1 kwa wavumilivu hadi 15 kwa wanaodhurika upesi. Jumlisha, gawanya kwa idadi ya familia: alama 60 kwa familia 10 ni wastani wa 6. Mimi huamini zaidi wastani, maana jumla hupanda kadiri unavyotafuta.

Kabla sijawarudisha wadudu majini, huwa nayaweka mabeseni yote mawili ukingoni, watu watazame. Safari moja mzee mwenye mashine ya mawese aliinama muda mrefu juu ya lile la pili, la sehemu ya chini.

"Kijana wangu, hilo shimo la maji machafu nilichimbe umbali gani?"

"Mita 60, mzee."

Tukapima kwa futi kamba. Ikaishia katikati ya michikichi yake.