Kuchagua mashine nyepesi ya kufyonza vumbi, isiyo na waya, umri ukiwa umesogea

Kazi yangu ni kutengeneza vyombo vya umeme vya nyumbani, na mashine za kufyonza vumbi hunijia kila wiki. Nyingi ya zile zinazoletwa na watu wazima hazina ubovu wowote. Mwenyewe anasema "haivuti", naiwasha, inavuta vizuri tu. Ukimdadisi kidogo unagundua kilichomshinda ni kuinyanyua, au kubana kitufe, au kumwaga vumbi. Mashine ilichaguliwa kwa nguvu ya mota, mkono haukuulizwa.

Majuzi nilimsindikiza shangazi yangu kuchagua yake, na hatua tulizopitia ndizo hizi. Kama mtumiaji ni wewe, zifuate mwenyewe. Kama unamnunulia mzazi, acha habari ya kumshtukiza na zawadi. Nenda naye, kwa sababu viungo vyake si vyako.

Hatua ya 1: Jua sakafu yako

Vigae, saruji, mbao: karibu mashine yoyote nyepesi itakufaa. Zulia fupi: hakikisha kichwa, ile sehemu inayopita sakafuni, kina brashi inayozungushwa na mota yake. Zulia la manyoya marefu: hapo fikiri tena, maana kichwa hulinasa zulia na kila msukumo unakuwa mazoezi ya viungo.

Hatua ya 2: Pima uzito kwa mkono wako, usipime kwa boksi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu hupita haraka.

Uzito ulioandikwa kwenye boksi mara nyingine ni wa kiwiliwili peke yake, yaani sehemu yenye mota na betri, bila bomba wala kichwa cha sakafuni. Ukiiunga yote inaweza kuongezeka kilo nzima au karibu na hapo. Kwa hiyo usimuulize muuzaji "ina kilo ngapi?" Muulize "ikiwa imeungwa yote, betri ikiwa ndani, ina kilo ngapi?" Akibabaika, ining'inize kwenye mizani ya ndoano, ile ya kupimia mizigo ya safari.

Kwa makadirio, zilizo nyepesi kweli huwa kati ya kilo 1.5 na 2, za kawaida hucheza kwenye 2.5, na kubwa hufika 3 na kupita. Hata ndani ya chapa moja tofauti ipo: Dyson V12 Detect Slim ina takriban kilo 2.4, V15 Detect takriban 3.1. Gramu 700 huzioni dukani ukiwa umeishika kwa nusu dakika na muuzaji anakuchekea. Utaziona siku unapotoa utando wa buibui juu ya pazia.

Kabla hujatoka nyumbani fanya jaribio hili. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tia lita 2 na nusu kwenye dumu dogo lenye mkono, lishike kwa mkono mmoja, kiwiko kikiwa kimekunjwa, uzunguke nalo chumbani kwa dakika 5 huku ukilipeleka mbele na kulirudisha. Mkono ukianza kutetemeka, au ukijikuta umehamishia mkono wa pili bila kujua, punguza maji urudie baada ya kupumzika. Kiasi utakachokibeba kwa raha ndicho kikomo chako. Kiandike kwenye karatasi uende nacho, maana dukani kila kitu huonekana chepesi.

Sasa tahadhari, na ziko kadhaa.

Jaribio la dumu ni kali kuliko hali halisi, kwa kuwa mashine ikiwa sakafuni kichwa chake hubeba sehemu ya uzito. Usilidharau kwa sababu hiyo. Ngazi, mapazia na pembe za dari hazina sakafu ya kukusaidia.

Tena, mashine mbili zenye kilo sawa zinaweza kuwa tofauti kabisa mkononi. Kuna zenye mota, betri na kopo la vumbi juu, karibu na mpini, na kuna zenye mota na kopo chini, karibu na kichwa. Ile ya juu unaweza kuchomoa bomba lake ukabaki na kijimashine cha mkononi cha kusafishia kochi na ngazi, na bomba lake jembamba linapenya chini ya kitanda. Gharama yake ni kwamba uzito karibu wote unaning'inia kwenye kifundo cha mkono. Ile ya chini, mkono unashika mpini tu. Inasukumika kwa ulaini hata ikiwa na kilo 3. Lakini ukitaka kuipandisha ghorofani unabeba zigo, na kiwiliwili chake kinene hakiingii mvunguni. Kwa mtu mwenye mkono dhaifu anayeishi kwenye nyumba isiyo na ngazi, mimi nachagua ya chini bila kusita, ingawa wauzaji wengi hawaisifu kwa sababu haina vikorokoro vya kuonyesha. Mwenye ngazi achukue ya juu, isiyozidi kilo 2, hata kama kopo lake ni dogo.

Halafu kuna kukaa sawa mkononi. Shika mpini, nyanyua kichwa kidogo kisiguse sakafu, hesabu polepole hadi 30. Pua ya mashine ikizama na kukupinda kifundo, irudishe. Ikitulia, ipandishe hadi usawa wa bega uone. Shangazi hakufika hata ishirini kwenye mashine moja iliyosifiwa sana. Aliikabidhi kwa muuzaji bila neno, akabaki anajikanda kifundo.

La mwisho kwenye uzito: kama unatembea na fimbo, jaribu ukiwa na fimbo. Mashine inayohitaji mikono miwili haikufai, hata iwe nyepesi vipi. Angalia pia kama inasimama yenyewe ukiiachia. Nyingi hazisimami, ukiiegemeza ukutani kupokea simu inateleza na kuanguka, na wewe unainama kuiokota au, vibaya zaidi, unaikanyaga ulipoisahau.

Hatua ya 3: Kitufe

Kuna mashine za kubana kitufe kwa kidole cha shahada muda wote wa kazi, ukiachia, inazima. Dyson V8, V10 na V11 ni za namna hiyo. Zinaokoa chaji, kweli, lakini kwa mwenye baridi yabisi ni adhabu. Chukua ya kubonyeza mara moja ikawaka, mara ya pili ikazima. V12 Detect Slim niliyoitaja iko hivyo, na chapa nyingine nyingi pia.

Nimeona watu wanafunga kitufe cha kubana kwa mpira ili kisiachie. Tafadhali usifanye. Brashi ikinasa pindo la pazia unahitaji mashine izime hapo hapo, na mpira hautafunguka kwa haraka unayoitaka.

Hatua ya 4: Urefu na mvungu

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wazee, lakini siku hizi kuna bomba lenye kiungo katikati: unabonyeza, linakunjika, kichwa kinaingia chini ya kitanda wewe ukiwa umesimama wima. Chapa za Shark na Rowenta wanazo. Linaongeza uzito kidogo, kwa hiyo rudi kwenye karatasi yako ya kikomo. Mgongo ukiwa na historia, ongezeko hilo linastahili.

Urefu wa bomba uwe wa kurekebishika. Unaposukuma, mpini ukae karibu na nyonga na mgongo ubaki umenyooka. Taa kwenye kichwa ni nzuri kwa macho yaliyofifia, si urembo.

Hatua ya 5: Mwaga vumbi pale pale dukani

Omba uifungue na kuifunga mwenyewe. Muuzaji akikuonyesha yeye, hujaona kitu.

Mashine ya zamani ya shangazi ilikuwa na kifuniko kinachofunguka kwa kitufe kigumu. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, anaibana mashine kati ya magoti, anasukuma kwa vidole gumba viwili kwa pamoja. Kifuniko kikifyatuka, vumbi linaruka kwenye sketi na kwenye sakafu aliyoimaliza kuisafisha dakika tano nyuma. Akaanza kuahirisha kumwaga. Kopo likijaa mashine haivuti, naye anasema imeharibika. Hiyo ndiyo "haivuti" ninayoletewa mara nyingi.

Unachotafuta ni kifuniko kinachofunguka kwa msukumo mwepesi wa kidole kimoja, kopo linalochomoka ili ubebe kopo peke yake hadi kwenye pipa la taka, na mdomo mpana ambao hauhitaji uingize vidole kuchokonoa nywele. Kumbuka kwamba wepesi una malipo yake: mashine ndogo ina kopo dogo, mara nyingi chini ya nusu lita, kwa hiyo utalimwaga mara kwa mara. Ndiyo maana ulaini wa kifuniko una uzito mkubwa kuliko inavyoonekana.

Mwenye pumu aangalie zaidi. Filta ya daraja la H13 hunasa angalau asilimia 99.95 ya chembe, hata za ukubwa ulio mgumu zaidi kunaswa, lakini haikusaidii kitu ukija kumwaga vumbi lile lile mbele ya pua yako. Kuna zenye mfuko wa kutupa, na kuna zenye kituo cha kuegeshea mashine, ambacho hunyonya vumbi la kopo chenyewe kila unapoirudisha. Samsung na Shark wanazo. Kituo kinakula nafasi na kinapiga kelele kwa muda mfupi, ila mikono haigusi vumbi. Kwa taarifa yako, mashine ya umeme ya kubebeka iliyozaa biashara ya Hoover, chapa maarufu ya mashine za kufyonza vumbi, ilibuniwa na mtu mwenye pumu aliyekuwa anakaribia miaka 60: James Murray Spangler, mfagiaji wa duka mjini Canton, Ohio, Marekani, aliyechoshwa na vumbi la kazini. Hataza yake ni ya mwaka 1908.

Hatua ya 6: Betri na mahali pa kuchajia

"Dakika 60" zilizoandikwa kwenye boksi ni za nguvu ya chini kabisa, aghalabu bila brashi ya mota. Ukiweka nguvu ya juu, mashine nyingi hukata chaji ndani ya dakika 5 hadi 10. Usitishike: mtu mzima hana haja ya kusafisha nyumba nzima kwa mkupuo. Chumba kimoja, pumzika, kingine baadaye.

Betri iwe ya kuchomoka, na uichomoe mwenyewe kabla ya kununua. Betri ya lithiamu hupungua uwezo baada ya mizunguko kama 300 hadi 500 ya kujaza na kumaliza. Ikiwa imefungiwa ndani, mashine nzima inakufa nayo. Ya kuchomoka ina faida nyingine: unaichajia mezani, huinami kwenye soketi ya chini ukutani.

Kibanio cha ukutani cha kutundikia mashine kifungwe usawa wa kiwiko, mtu aje akifunge kwa skrubu. Ukifika nyumbani bila fundi, mashine itaishia kuegemezwa kwenye kona na waya wa chaja umetambaa sakafuni. Umenunua isiyo na waya kisha unajikwaa kwenye waya wake. Kama ukuta hautobolewi, nunua stendi ya kusimama sakafuni, nzito, isiyoyumba. Angalia na ncha ya chaja: kipini chembamba cha kutafuta tundu kwa macho ya kubahatisha ni kero ya kila siku. Bora ile unayoitundika tu ikagusana yenyewe.

Tumia chaja yake halisi. Chaji ukiwa macho, mbali na kitanda, kochi na mlango wa kutokea. Betri ikivimba, ikitoa harufu au ikiwa ya moto isivyo kawaida, iache na usiichaji tena.

Hatua ya 7: Nguvu ya kufyonza

Kila boksi lina tarakimu kubwa za paskali (kipimo cha mgandamizo wa hewa) au wati, na hazilinganishiki. Wati za mota zinakuambia umeme inaokula. Paskali zinakuambia mvuto mdomo ukiwa umezibwa, hali ambayo sakafuni haipo. Mwaga punje chache za mchanga, pitisha mara moja kwenye nguvu ya kati. Zikiondoka, inatosha. Kwenye zulia nguvu nyingi humaanisha kusukuma kwa shida, basi.

Kuna atakayekwambia ununue roboti. Roboti nayo inakaa chini, ina kikopo kidogo cha kumwaga, inanasa pindo na nyaya, na kila ikikwama ni wewe wa kuinama. Tena inakuzungukia miguuni.

Hatua ya 8: Kabla ya kulipa

Uliza kama betri na filta zinauzwa kando, na nunua filta ya pili siku hiyo hiyo. Filta ikioshwa inahitaji saa 24 kukauka kabisa. Ukiirudisha mbichi unaweza kuiharibu mota. Mwenye kifaa cha kusaidia kusikia aiwashe mashine hapo dukani akiwa amekivaa. Brashi uitoe na kuirudisha wewe. Nyingine hufunguka kwa sarafu, nyingine zinataka bisibisi, na nywele zitajizungushia tu.

Nyumbani, kunja kwanza vijizulia vidogo vinavyoteleza, kisha fungua na ufunge kopo likiwa bado tupu, mara kadhaa, mpaka kidole kizoee mahali pa kitufe.