Kuandaa sindano ya metreleptini nyumbani, kwa wenzangu wa Tanga

Lipodistrofi ni ule ugonjwa adimu ambao mwili unakosa mafuta chini ya ngozi, sasa mafuta yakikosekana na homoni ya leptini inakua haba, njaa haiishi, sukari na mafuta ya kwenye damu yanapanda. Metreleptini inajazia hiyo leptini. Marekani waliipitisha 2014, Ulaya 2018, inachomwa mara moja kila siku na dozi anapanga daktari wa homoni, tafadhali usichukue ya mwenzio.

Chupa ya unga ikae kwenye friji, digrii 2 mpaka 8, ndani ya boksi lake maana mwanga unaiharibu, na isigande. Kwa joto letu hili na umeme unavyokatika, weka kulbox tayari na kipimajoto, barafu isiguse chupa.

Muda wa kuchoma itoe kwenye friji kama dakika 10 kabla, ubaridi uishe, nawa mikono, ingiza maji uliyopewa taratibu kwa kufuata ukuta wa chupa, halafu zungusha polepole, USITIKISE jamani, mpaka iwe safi kabisa haina povu wala vipande. Choma chini ya ngozi tumboni, pajani au mkononi juu, badilisha sehemu kila siku.

Anayetumia insulini apime sukari mara kwa mara coz inaweza kushuka ghafla. Ukiona matezi yamevimba au homa zisizoisha, muone daktari. Na usiache ghafla, kongosho linaweza kuvimba, daktari ndo anaipunguza kidogo kidogo huku ukila chakula cha mafuta machache sana.