Somo: Kuivisha Prado tairi kubwa na bado uende nayo kazini

Wakuu, somo hili ni la mwenye Toyota Prado, toleo la 120 au 150, inayompeleka kazini wiki nzima, kisha Jumamosi anataka kuingia nayo matopeni. Magari ya maonyesho yana somo lao.

Hatua ya 1: Soma ubavu wa tairi ulizonazo. Nyingi ni 265/65R17: upana milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 17. Ukipiga hesabu, tairi nzima ina kimo cha mm 776.

Hatua ya 2: Chagua kimo. 265/70R17 ina mm 803, 285/70R17 ina 831. Gari lenyewe hupanda nusu tu ya ongezeko hilo: mm 13 kwa ya kwanza, 27 kwa ya pili. Mimi naishia 265/70. Ile 285 husugua kwenye Prado ambayo haijainuliwa, na hata ukiinua, ukikata kona yote mara nyingi inagusa chuma nyuma ya tairi la mbele mpaka fundi akikate.

Hatua ya 3: Rimu usiikuze. Inchi 20 zinapendeza zikiwa zimepaki, ila ubavu wa tairi ndio unaopokea shimo, na hapo umeupunguza mwenyewe. Mwenye 265/60R18 akishuka hadi 265/70R17, ubavu unatoka mm 159 hadi 186.

Hatua ya 4: Vipimo vya rimu. Hapa ndipo pesa hupotea. Prado ina nati sita kwenye duara la kipenyo cha mm 139.7, ndiyo huandikwa 6x139.7, na tundu la kati mm 106. Rimu za Pajero nazo ni 6x139.7, muuzaji atakuapia zinaingia, kumbe tundu lake la kati ni mm 67, na hab ya Toyota (kitovu ambapo rimu hufungwa) haipiti. Kisha tafuta chapa ya ET, yaani ofseti: umbali kwa mm kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaokaa kwenye hab. Prado 120 yenye rimu za 17 hutoka na ET30. Ukifunga ET0 ya upana uleule, kila gurudumu linatoka nje mm 30: matope yanapaka milango, beringi zinachoka mapema, usukani unavutwa kila shimo. Kwa gari la kazini sishuki chini ya ET15.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kulipa. Funga moja mbele, panda jiwe kwa gurudumu hilo, zungusha usukani mpaka mwisho pande zote. Sikiliza.

MASWALI

Mkuu, kipima mwendo hakitadanganya?
Kitadanganya. Kilichokuwa kinasoma 100 sawasawa, kwa 265/70 unakwenda 103, kwa 285/70 unakwenda 107. Kwenye vibao vya 50 acha nafasi, tochi ya trafiki haijui habari za tairi zako.

A/T (tairi ya njia zote) au M/T (tairi ya matope)?
A/T. M/T inanguruma njia nzima, na kwenye lami yenye maji haishiki vizuri.

Spea nibaki na ile ya zamani?
Hapana, nunua tano. Prado nyingi za aina hii zinasukuma magurudumu yote manne muda wote. Tairi moja ikiwa fupi, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi bila kupumzika. Ikikubidi, nenda nayo polepole hadi kwa fundi pancha wa karibu, na usiifunge hiyo difu.