Wakia ya jagi si wakia ya mizani: tahadhari kwa anayepika Marekani

Katika mwaka wangu wa kwanza nchini Marekani niliharibu mikate mitatu mfululizo, nikalaumu unga, kisha hamira, kisha joko, ilhali kosa lilikuwa katika herufi mbili zilizochapishwa kwenye jagi la kupimia: oz, yaani wakia. Maelekezo yalitaka wakia 8 za unga, nami nikajaza unga hadi mstari wa 8. Donge halikushikana, nikawa naongeza unga kwa kukisia, na ndiyo maana hakuna mkate uliofanana na mwenzake.

Wakia ya jagi ni ya ujazo, nayo ni takriban mililita 30. Wakia ya mizani ni ya uzani, nayo ni gramu 28.35. Ukipima maji tofauti hiyo haionekani, kwa kuwa mililita moja ya maji ina uzani wa gramu moja hivi, lakini unga una hewa nyingi katikati ya chembe zake. Wakia 8 za jagi ni kikombe kimoja cha Marekani, ambacho hubeba takriban gramu 120 za unga wa ngano, ilhali wakia 8 za mizani ni gramu 227. Nilikuwa natia karibu nusu tu ya unga uliotakiwa. Narudia, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu hunaswa: jagi lenye mistari ni la vimiminika, na kitu kikavu kikitajwa kwa wakia, kinakusudiwa kuwekwa kwenye mizani.

Hata baada ya kulijua hilo, kikombe chenyewe kina hila yake. Ukikichota moja kwa moja ndani ya mfuko, unga hushindiliwa, na kikombe kinaweza kufika gramu 150; kwa vikombe 4 unakuwa umezidisha gramu 120, yaani kikombe kizima. Tia unga kwa kijiko, kisha sawazisha kwa mgongo wa kisu, bila kutikisa. Kumbuka pia kwamba kikombe cha Australia ni mililita 250, na kijiko kikubwa cha huko ni mililita 20, si 15.

Ndugu zetu walioko nyumbani hutuandikia: "Nitumie maelekezo ya mapishi kwa vikombe tu, kikombe ni kikombe." Nawapenda na nawaheshimu, lakini kikombe cha chai cha kabatini si kipimo. Wengine huomba namba moja ya gramu itakayofaa kwa kila kitu, na namba hiyo haipo: kikombe cha sukari nyeupe ni gramu 200 hivi, cha kakao ni kama 85. Chumvi ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani kijiko kikubwa cha chumvi laini kina takriban gramu 18, na cha chumvi ya chenga kubwa kinaweza kuwa na 10 tu.

Wenyeji wetu wamezoea kikombe tangu zamani. Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Boston, alisisitiza vipimo vya kusawazishwa katika kitabu chake cha mwaka 1896, na kwa jiko lisilo na mizani hilo lilikuwa jambo la busara. Bunge lao lilipitisha sheria ya kuhamia vipimo vya metriki mwaka 1975, ila likaacha hiari, na majikoni wengi hawakuhama. Kwa maoni yangu, huo ni ukaidi ambao mgeni hulipia kwa unga wake.

Nunua mizani ya kidijitali inayorudi sifuri bakuli likiwa juu yake. Ukikutana na maelekezo ya vikombe, soma jedwali la virutubisho kwenye mfuko wa unga: mara nyingi limeandikwa kwamba robo kikombe ni gramu 30, basi zidisha kwa 4. Hamira na chumvi kidogo zipime kwa kijiko kilichosawazishwa, kwa kuwa mizani nyingi za nyumbani husoma kwa gramu nzima na hukosea kwenye vipimo vya gramu 2 au 3.