Machi mdomoni mwa mto Sabaki, fuata maji ya bamvua

Wanaopenda ndege hapa Malindi, msiingoje Aprili iishe. Kaskazi inapolegea, kabla masika hayajakaza, vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, waliokaa kwetu tangu Septemba huwa wanajinenepesha kwa safari ya kurudi kaskazini. Ndipo pia wanapobadili manyoya. Yule mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye miezi yote ni wa kijivu tu, anageuka rangi ya tofali. Huyo anakwenda kutaga Siberia, na mimi kila mwaka nikimwona moyo hunidunda.

Saa ya kwenda ni muhimu kuliko darubini. Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali kwenye matope, huoni kitu ila vidoa. Hesabu mwezi: ukiandama, au ukiwa mpevu, siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua, yaani maji makubwa, na maji hujaa kama saa kumi jioni. Fika saa nane, ukae chini mchangani, utulie. Maji yenyewe ndiyo yatakayokuletea ndege, pamoja na shakwe, na heroe wakiwapo. Jua litakuwa mgongoni mwako, basi rangi zote utaziona.

Mida, hori lililo karibu na Watamu, nako ni vivyo hivyo, na kule utampata mla kaa, mweupe kwa mweusi, mdomo mnene.

Tafadhali msiwafuate kwa miguu wala kuwaachia mbwa. Kila wakirushwa wanapoteza mafuta waliyoyatafuta kwa siku nzima, na njia yao ni ndefu mno.